Rasi ya Kigomasha na Ndege wa Bahari

Mtu akitazama ramani ya kisiwa cha Pemba ataona kwamba upande wa kaskazini-magharibi nchi inajinyoosha baharini mfano wa kidole. Ncha ya kidole hicho ndiyo Ras Kigomasha. Hapo ardhi ya Pemba inakoma, na hapo maji ya Mkondo wa Pemba, uutenganao kisiwa hicho na bara, hukutana na maji ya bahari kuu. Wengi wetu huifahamu Pemba kwa karafuu zake, kwa mabonde yake na kwa vilima vyake vya kijani. Waarabu wa kale waliiita Kisiwa cha Kijani kwa sababu hiyo hiyo. Lakini rasi hii ina sura nyingine: ni nchi ya mwamba, upepo na mawimbi, na wakazi wake wa kale kabisa ni ndege.

Insha hii inakusudia kueleza sura ya rasi hiyo, ndege wa bahari waizungukayo, na historia ya wanadamu iliyofungamana nayo. Hapana budi tukiri tangu mwanzo kwamba historia ya pwani yetu imezoea kusimuliwa kutoka majumba ya wafalme na magofu ya misikiti. Kigomasha haikuwa na jumba la mfalme. Historia yake imo katika mawe, katika majina ya mahali, na katika maarifa ya watu waliokuwa wakitafuta riziki yao baharini. Kwa hiyo anayetaka kuisoma hana budi kujifunza kusoma vitu ambavyo havikuandikwa kwa wino.

Mwamba na Maji

Jiwe la Kigomasha ni jiwe la matumbawe. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ya dunia ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, na sehemu nyingi za ukingo wa pwani ya Afrika ya Mashariki zilikuwa miamba hai chini ya maji. Bahari iliposhuka, miamba ile ilibaki juu, ikakauka na kuwa jiwe gumu lenye makali. Anayelikanyaga pekupeku hulijua mara moja. Ndani yake bado huonekana maumbo ya matumbawe na makombe ya viumbe walioishi wakati ule.

Mawimbi hayachoki kulila jiwe hilo. Hulila kutoka chini, pale maji yanapojaa na kupwa kila siku, hata ukingo wa mwamba ukabaki umening'inia juu ya bahari kama paa la nyumba lisilokuwa na ukuta. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 4, na hapo sauti ya maji yaingiapo katika mapango husikika mbali. Upande wa mashariki wa rasi kuna ufuo mrefu wa mchanga uitwao Vumawimbi. Aliyeupa jina hilo hakuhitaji maneno zaidi ya mawili kueleza tabia ya mahali pale. Upande wa kusini rasi imefungwa na msitu wa Ngezi, ambao ni sehemu kubwa iliyosalia ya misitu ya asili ya Pemba.

Jambo moja la maumbile ya nchi hii lastahili kutiliwa mkazo kwa wanafunzi. Unguja na Pemba huhesabiwa ndugu, lakini katika historia ya ardhi si pacha. Katika zama za barafu, bahari iliposhuka kwa mita zaidi ya 100, Unguja iliungana na bara, na wanyama wa bara waliweza kuifikia kwa miguu. Pemba haikuungana. Mkondo ulioko baina yake na bara, wenye upana wa kilomita 50 hivi, una kina cha mamia ya mita, na kwa hiyo hata bahari iliposhuka maji hayakukatika. Ndiyo sababu Pemba inao ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hao ni ndege wa nchi kavu walionaswa na bahari. Ndege wa rasi ni kinyume chao, kwani kwao bahari ni njia.

Ndege Katika Habari za Kale

Habari ya kale kabisa iliyoandikwa juu ya visiwa vyetu imo katika kitabu kidogo cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anataja kisiwa kiitwacho Menouthias kilichokuwa mbali na bara kwa stadia 300, yaani kilomita 55 hivi. Anasema kwamba ni kisiwa cha chini, chenye miti na mito, na chenye ndege wa namna nyingi. Wako wataalamu waliodhani kuwa kisiwa hicho ni Pemba, na wengine wakadhani ni Unguja au Mafia. Umbali alioutaja waelekea zaidi Pemba.

Tuyatazame kwa makini mambo aliyoyachagua mgeni yule. Hakutaja dhahabu wala majumba. Alitaja ndege na kasa, alitaja mitumbwi ya magogo na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, akasema kwamba wenyeji hutega samaki kwa vikapu vilivyosukwa, wakivifunga penye milango ya maji katikati ya miamba. Mwanafunzi yeyote wa pwani atavitambua vikapu hivyo. Ni madema. Basi kwa muda wa karibu miaka 2,000 chombo hicho cha mvuvi hakikuhitaji kubadilika sana, kwa kuwa kilibuniwa na watu walioyajua maji yao vema. Wako watu ambao wangali wakifikiri kwamba utamaduni wa pwani uliletwa wote na majahazi. Dema pekee yatosha kuwajibu.

Mnamo mwaka 916 msafiri wa Baghdad, al-Mas'udi, alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman. Wataalamu wengi huamini kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba. Al-Mas'udi alikuwa amesafiri katika bahari nyingi, lakini aliandika kwamba hakuona bahari yenye hatari kuliko hii ya Zanj, na akayafananisha mawimbi yake na milima. Wakati ule ule, mashariki ya Kigomasha, ulikuwapo mji mkubwa wa Tumbe, uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi huko katika miaka ya 2000 waliokota maelfu ya vigae vyenye mifuo, vilivyotumiwa kusugulia shanga. Watu wa kaskazini ya Pemba, basi, walikuwa wavuvi na mafundi kabla majumba ya mawe hayajaenea katika pwani hii.

Wageni wa Misimu

Nahodha wa zamani alipokuwa akivuka bahari kuu hakutegemea nyota peke yake. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, alifundisha kwamba ndege, nyoka wa baharini na rangi ya maji ni dalili za kukaribia nchi. Katika maarifa hayo ndege ni barua iliyotumwa kutoka pwani. Anayejua ni ndege yupi hulala nchi kavu kila usiku, na ni yupi huweza kukaa baharini miezi na miezi, hujua pia kadiri ya safari iliyombakia.

Ndege wa Kigomasha wagawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wenyeji. Miongoni mwao yumo yangeyange wa pwani, ambaye ana jambo la ajabu: wengine ni weupe kama pamba na wengine ni weusi wa kijivu, ilhali wote ni wa jamii moja na huweza kuzaana. Huonekana akitembea juu ya mwamba maji yanapopwa, akivizia samaki wadogo waliosahauliwa katika visima vya mawe.

Kundi la pili ni wageni wa misimu. Kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba, kusi inapoanza kupungua nguvu, hufika sululu mwenye mdomo uliopinda, na vitwitwi wa aina nyingi. Baadhi yao wamezaliwa katika nchi za baridi za kaskazini ya Asia, na wamesafiri maelfu ya kilomita ili wale minyoo na kaa wa fukwe zetu. Pamoja nao huja ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi ulioumbwa kuvunja magamba ya kaa. Huyu huzaliana katika visiwa na fukwe za Uarabuni, za Ghuba na za Bahari ya Shamu. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kinda lake hulelewa muda mrefu mno. Hata baada ya kusafiri pamoja na wazazi mpaka pwani yetu, bado huwafuata likiomba chakula.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona mfano wa jambo analolijua. Pwani zile zile za Uarabuni na Ghuba ndizo zilizokuwa zikituletea majahazi ya tende, chumvi na samaki wakavu. Ndege walitangulia, na vyombo vikafuata mnamo Desemba na Januari, kaskazi ilipokwisha kutulia. Mwezi wa Aprili kusi iliporudi, wote wawili waliondoka: ndege kwenda kutaga, na majahazi kwenda na boriti, nazi na karafuu. Safari kubwa za majahazi ya biashara zimekwisha. Safari ya ndege ingali ikiendelea, na kwa njia hiyo ndege ndio wasafiri wa mwisho waishikao kalenda ya zamani ya Bahari ya Hindi.

Kundi la tatu ni ndege wa bahari hasa: shakwe, na buabua wa aina nyingi. Hawa ndio rafiki wa mvuvi. Samaki wakubwa kama jodari wakilifukuza kundi la dagaa, dagaa hupanda juu kwa hofu, na buabua huwarukia kutoka hewani wakipiga kelele. Mvuvi aliye mbali haoni samaki, bali huona ndege. Huwatazama jinsi wanavyoruka: wakienda moja kwa moja kwa mbio, samaki wanahama, wakizunguka na kujitupa mahali pamoja, samaki wapo. Hapo hugeuza tanga na kukokota mshipi wake pembezoni mwa kundi. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha shule, lakini imelisha vijiji vingi.

Buabua mmoja, mweusi juu na mweupe chini, ana maisha ya kushangaza zaidi. Manyoya yake hulowa upesi, kwa hiyo hawezi kukaa juu ya maji kwa muda mrefu, na hata hivyo kijana wake akitoka kiotani huweza kumaliza miaka kadhaa baharini bila ya kukanyaga nchi. Huenda nchi kavu kwa haja moja tu, nayo ni kutaga. Mahali pamoja wanapotaga katika maji yetu ni kijisiwa kidogo kilichoko baharini kusini-mashariki ya Unguja, kisichokuwa na mti, ambacho urefu wake ni mita 300 hivi. Wenyewe wavuvi hukiita Fungu Mbaraka, au Fungu Kizimkazi. Katika ramani nyingi kimeandikwa Latham, kwa kuwa mwaka 1758 chombo cha Kiingereza chenye jina hilo kilipita hapo. Chombo kilipita mara moja, kikaacha jina. Watu walioenda huko kwa ngalawa vizazi kwa vizazi waliona jina lao likiachwa nje ya karatasi.

Panga ya Watoro

Suala hili la majina laturudisha Kigomasha, na laturudisha katika sehemu nzito ya historia yake. Upande wa magharibi wa rasi kuna pwani iitwayo Panga ya Watoro. Neno mtoro leo lamkumbusha mwanafunzi mwenzake aliyekosa kuhudhuria darasani. Katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa zito kuliko hivyo. Mtoro alikuwa hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata madhara kama yale, na bei ya karafuu ilipopanda mashamba ya Pemba yaliongezwa kwa haraka. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, lakini vyombo viliendelea kuvuka Mkondo wa Pemba usiku. Manowari za Kiingereza ziliwekwa kuvizuia. Mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari iitwayo London, aliuawa katika maji ya Pemba alipojaribu kukikagua chombo kimoja cha watumwa. Kifo chake kimeandikwa katika vitabu vingi. Majina ya waliofungiwa ndani ya vyombo kama kile hayakuandikwa.

Penye utumwa hapakosi utoro. Katika pwani ya Kenya watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo. Kisiwani hapakuwa na bara pana la kukimbilia. Aliyekimbia shamba la karafuu alikuwa na msitu nyuma yake na mwamba mbele yake, na baada ya mwamba ni maji. Nchi ya aina ya Kigomasha, yenye msitu mzito, mapango na udongo mbovu usiofaa kwa mikarafuu, ilikuwa ndiyo nchi isiyopendwa na mwenye shamba, na kwa hiyo ilimfaa mtu asiyetaka kuonekana. Ukali ule ule wa jiwe unaoufurahisha macho ya mtazamaji wa leo ulikuwa ngao ya mtu mwenye njaa na hofu. Jina la pwani ile ndilo jiwe lao la kaburi na ndilo kitabu chao. Likibadilishwa kwa jina jingine lenye kuvutia zaidi masikio ya wageni, ushahidi huo utakuwa umefutwa, na hakuna kumbukumbu nyingine itakayoziba pengo lake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwachia kila mtu huru siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na mabwana walilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909. Miaka 3 baada ya amri ya kwanza, mwaka 1900, mnara wa taa wa chuma ulisimamishwa katika ncha ya Kigomasha. Meli za moshi zilikuwa zimeongezeka tangu kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869, na miamba ya kaskazini ya Pemba ilikuwa hatari kwao. Kwa hiyo mahali palipokuwa pakifaa kwa kujificha gizani pakawa mahali pa kuonekana kutoka mbali usiku. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi kizazi kimoja kinavyoweza kuibadili maana ya jabali lile lile.

Wajibu Wetu

Ndege wa bahari hutaga chini, juu ya mchanga au jiwe tupu, kwa kuwa wamezoea visiwa visivyo na adui. Ulinzi wao ni umbali tu. Akifika mtu, wazazi wote huruka pamoja, na yai lililoachwa katika jua la adhuhuri huharibika kwa muda mfupi. Mchukua mayai 20 huenda akawa ameua mengi mengine ambayo hakuyagusa. Panya aliyeteremka kutoka katika chombo kimoja aweza kufanya hasara zaidi ya hiyo kwa miaka mingi. Na buabua wakipungua mvuvi naye hupoteza macho yake, kwani atakuwa amekata kwa mkono wake dalili iliyokuwa ikimwonyesha samaki. Mwaka 2005 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliitangaza sehemu kubwa ya bahari ya magharibi ya Pemba kuwa eneo la hifadhi. Hilo ni jambo jema, lakini askari wa hifadhi hawezi kulinda kitu ambacho wananchi hawakijui kwa jina.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Mwanafunzi wa pwani hujifunza majina ya ndege wa Ulaya katika vitabu vya hadithi, naye aweza kumaliza shule bila ya kujua kumtenga shakwe na buabua, au maji ya bamvua na maji mafu. Baba yake au babu yake huyajua hayo yote. Basi wanafunzi na watumwe kwa wazee wao, kila mmoja na daftari, wakaandike majina ya ndege, ya pepo, ya miamba na ya mapango kama yanavyotamkwa katika kijiji chao, pamoja na sababu ya kila jina. Makangale hawatatoa orodha ile ile itakayotolewa na Kizimkazi, na tofauti hiyo nayo ni mali. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtambo wowote. Inahitaji haraka, kwa sababu wazee hawangoji.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Waliokimbilia miamba ya Kigomasha waliijua maana ya neno la mwisho la methali hiyo kuliko sisi. Walichotuachia ni maneno matatu tu, Panga ya Watoro, nasi tumeyapokea yakiwa mazima. Kila mwaka mwezi wa Agosti, maji yakipwa chini ya mnara, ndege watokao Uarabuni hushuka tena mchangani na makinda yao nyuma yao, katika pwani ile ile.